Tumerudia mkanda wa kipaimara cha mdogo wangu: skizofrenia ilikuwepo tangu pale, au tunajitesa?

#1 Kaka wa Kihesa
Kamwene wanyalukolo, na wengine wote habari za usiku.

Kuna jambo linanisumbua tangu Pasaka. Mdogo wangu wa kiume anaumwa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kushuku watu, ni miaka kumi na moja sasa. Ilimwanza mwaka 2014 akiwa kidato cha sita, mtihani umebaki miezi mitatu. Kwanza aliacha kuoga, tukasema ni kusoma sana. Halafu akawa anafunika redio kwa kitenge cha mama kwa sababu mtangazaji anamsema yeye. Hapo tukajua siyo kusoma.

Sasa Pasaka nimefika nyumbani Iringa nikamkuta mama ana kazi mpya. Kila jioni kabla ya taarifa ya habari anaweka mkanda wa kipaimara cha dogo, cha mwaka 2008, ambao jamaa wa stoo ya video alituhamishia kwenye sidii. Anausimamisha, anarudisha nyuma, anausimamisha tena. "Angalia hapo. Watu wote wanacheka, yeye hacheki." Ni pale kwenye keki. Emsii kasema utani, ukumbi mzima unaangua kicheko, na dogo na suti yake iliyomzidi mabega amesimama ameshika soda ya chungwa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umening'inia kama wa sanamu la duka la nguo. Mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya tano na mimi nikaanza kuona.

Kwenye basi narudi Mbeya nikaingia mtandaoni, nikakutana na mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Walker wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Mwaka 1990 yeye na mwenzake Lewine walitoa utafiti wa filamu za nyumbani za watu ambao ukubwani waliugua skizofrenia. Watazamaji waliangalia watoto wanacheza, hawakuambiwa nani aliugua, na bado waliweza kumnyooshea kidole. Nikasoma pia kwamba upande wa kushoto wa mwili ndio wenye kasoro. Nikakumbuka ule mkono.

Swali langu: kama wageni waliona, sisi tuliolala naye kitanda kimoja tulikuwa wapi?

#2 Ngoja Waje
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje.

#3 Mkangafu
Pole sana mkuu. Ila nikuambie ukweli, hakuna mtoto wa kipaimara anayecheka. Suti ya kuazima, viatu vinabana, tangu asubuhi hujala, halafu shangazi anakuja kukubusu na midomo ina mafuta ya kitimoto. Mimi kwenye mkanda wangu nimenuna mwanzo mpaka mwisho, na leo ni fundi magari Makambako mwenye akili timamu. Muulizeni mke wangu.

#4 Mchele wa Kyela
@Mkangafu mke ndiye asiulizwe.

#5 Mwaka wa Tatu
Mleta mada, nasoma saikolojia, na nimewahi kuandika kazi ya darasani kuhusu huyo Walker. Mengi umeyapata sawa, ila kuna mahali umechanganya na naona ndipo panapokuumiza.

Zile filamu zilikuwa za utotoni, za mikanda ya zamani ya kamera za mkono, familia za Marekani. Ndani ya familia hiyohiyo kulikuwa na mtoto aliyekuja kuugua na ndugu zake ambao hawakuugua. Watazamaji walimtambua mgonjwa mtarajiwa zaidi ya ambavyo mtu angebahatisha. Zaidi ya kubahatisha siyo sawa na kila mara, hilo shika. Mwaka 1993 wakachambua nyuso: waliokuja kuugua walionyesha hisia za huzuni na hasira zaidi ya ndugu zao, na wasichana walionyesha furaha kidogo. Mwaka 1994 ndiyo wakaja kwenye viungo. Kasoro za mjongeo zilikuwa zaidi upande wa kushoto, kweli, lakini zilionekana wazi katika miaka miwili ya kwanza ya maisha. Mtoto wa kutambaa huyo. Mkono wa kijana wa miaka 13 aliyeshika soda haumo kabisa.

Halafu hao watazamaji walikuwa hawajui jibu. Wewe na mama mnalijua. Ndiyo maana mara ya kwanza hukuona na mara ya tano ukaona.

#6 Kaka wa Kihesa
Asante. Kwa hiyo mama anatazama bure?

#7 Mwaka wa Tatu
Sijasema bure. Nimesema mkono utoe.

#8 Kipanya wa Soweto
Mnazunguka mno. Ni bangi. Mimi hapa Soweto Mbeya nimewaona watatu wa mtaa mmoja, wote walianzia kwenye kichaka nyuma ya uwanja. Kijana wa bweni, kidato cha sita, anakesha, unafikiri anakeshea nini? Chai ya rangi?

#9 Kaka wa Kihesa
Dogo hakuwahi kuvuta. Nadhani.

#10 Dereva wa Tunduma
Hilo "nadhani" limebeba lori zima.

#11 Takwimu
Bangi ina ushahidi lakini siyo kama unavyousema @Kipanya wa Soweto. Kule Dunedin, New Zealand, waliwafuatilia watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa 1972 na 1973. Waliokuwa wameshaanza bangi kufikia miaka 15, kama asilimia 10 walikuwa na ugonjwa wa jamii ya skizofrenia walipofika miaka 26. Wenzao wasiotumia ni asilimia 3. Kubwa hiyo. Lakini angalia vitu viwili. Cha kwanza, asilimia 90 ya hao wavutaji hawakuupata. Cha pili, walipoingiza kwenye hesabu dalili za ajabu ambazo baadhi yao walikuwa nazo tangu wana miaka 11, tofauti ilipungua, ikawa haiwezi tena kusimama kitakwimu. Maana yake wapo wanaovuta kwa sababu tayari kuna kitu kichwani kinawasumbua. Yai na kuku hapo.

Hao watatu wako wa mtaani, umehesabu na waliovuta kichaka hichohicho wakawa wazima?

#12 Kipanya wa Soweto
Wazima wapo, mmoja ni diwani. Sijui kama nimhesabu upande gani.

#13 Mzee wa Uyole
Vijana, nawasoma tu. Mnataja New Zealand na Atlanta, hamtaji ukoo. Mleta mada atuambie kwanza, upande wa baba kuna mtu aliyewahi kuchanganyikiwa? Na je, huyo kijana alikuwa anaongoza darasani? Maana mimi nimeona kwa macho yangu, mtoto wa kwanza kutaka kwenda chuo kikuu katika ukoo, mwezi mmoja kabla ya mtihani anavua nguo barabarani. Miaka yote iko mingine, kwa nini mwezi huo?

#14 Kaka wa Kihesa
Shikamoo mzee. Ndiyo, alikuwa anaongoza. Na baba mdogo wa baba, yaani babu yetu mdogo, alikaa msituni Kilolo miaka mingi anaishi peke yake. Wengine wanasema alikuwa mganga, wengine wanasema alikuwa mgonjwa.

Na usifikiri tulikaa. Tulianza kwa mganga mmoja, akala mbuzi wawili na kumchanja dogo chale thelathini na kitu. Tukaenda kwenye maombi, akafungiwa siku ishirini na moja, anafunga na kukemewa. Hospitali tulifika mwaka wa pili.

#15 Sista Zamu
Marahaba za mzee zisubiri kidogo, nijibu hapa. Mimi ni muuguzi, nimefanya wodi ya akili miaka kadhaa katika mikoa hii ya kusini. Kaka, miaka miwili ni mingi lakini hamko peke yenu. Wengi wanaofika kwetu wameshapita njia hizo mbili, wengine na alama za kamba mikononi. Kinachouma ni kwamba kadiri mtu anavyokaa na sauti bila dawa ndivyo dawa zinavyofanya kazi kwa shida baadaye. Simlaumu mama. Nasema kwa wanaosoma uzi huu na wana kijana ndani aliyeanza kufunika redio.

@Mzee wa Uyole swali lako la kwa nini mwezi huo ni zuri kuliko unavyofikiri. Umri wenyewe ndio huo. Wavulana wengi inawaanza mwishoni mwa ujana wa shule hadi ishirini na kitu, wasichana huchelewa kidogo. Na sisi mtihani mkubwa tumeuweka umri huohuo. Kwa hiyo kila mgonjwa atakuwa "alirogwa karibu na mtihani" au karibu na ndoa au karibu na kwenda jeshini.

#16 Mzee wa Uyole
Binti yangu umejibu vizuri. Ila hujaniambia kwa nini yeye na siyo mwenzake wa dawati la pili.

#17 Ngoja Waje
Mzee kaweka mpira kati.

#18 Mwaka wa Tatu
Hilo dawati la pili ndilo Walker aliloshughulika nalo muda mrefu zaidi ya zile filamu. Mwaka 1997 yeye na Diforio waliandika maelezo ambayo kwa lugha ya nyumbani ni hivi: kuna mtu anazaliwa na udhaifu fulani kwenye ubongo, umetoka kwenye jeni, au mimba, au uzazi mgumu. Udhaifu huo unaweza kukaa kimya miaka kumi na tano. Balehe inapofika mwili unaanza kumwaga zaidi homoni ya msongo inayoitwa kotisoli. Kwa kijana wa kawaida inapanda, inashuka. Kwa mwenye udhaifu, mfumo wa kuizima ni mzito, na kotisoli nayo inaichochea dopamini, kemikali ya ubongo ambayo ndiyo dawa za hospitali zinaizuia. Walikuwa wanapima kwa mate tu, kijana anatema kwenye kichupa, na vijana wenye tabia za kukaribia ugonjwa walionekana kuwa na kotisoli ya juu kuliko wenzao.

Ujana wenyewe ni ukarabati. Ubongo unapunguza viungio vya neva ambavyo havitumiki, kama unavyopogolea miti ya chai. Mwaka 1982 Irwin Feinberg akasema huenda kwa wagonjwa hawa panga linapita mno. Mwaka 2016 ikaja kazi kubwa ya jeni iitwayo C4 inayoelekea hukohuko. Na sehemu inayochelewa kukomaa ni ya mbele, ile ya kuzuia hasira na kupima aibu. Kijana anajifunza hisia za kikubwa wakati fundi bado yuko juu ya paa.

#19 Parachichi Rungwe
Mugonile. Chai haipogolewi na panga mkuu, ni kisu maalumu au mashine. Ukiingia na panga shambani kwangu Tukuyu tutakosana. Mengine nimekuelewa.

#20 Mwaka wa Tatu
Nimesahihishwa 😀

#21 Makete Baridi
Kuna mahali nilisoma wanaozaliwa majira ya baridi Ulaya wanaugua zaidi kidogo. Sasa sisi Makete tunaozaliwa kwenye baridi Januari mpaka Desemba mbona hatujaisha?

#22 Takwimu
Ni kweli ipo, tofauti ndogo sana, na wanaihusisha na mafua ya wajawazito au jua, hakuna uhakika. Yenye nguvu zaidi ni njaa. Uholanzi mwaka 1944 hadi 1945 Wajerumani walizuia chakula, na watoto waliotungwa mimba kipindi kile walikuja kuugua skizofrenia kama mara mbili ya wengine.

#23 Dereva wa Tunduma
Basi sisi tuliotungwa miaka ya njaa, ile ya unga wa yanga, tujipime.

#24 Mchele wa Kyela
Na degedege je? Kwetu kila mwenye matatizo ya akili utasikia "alipata degedege akiwa mdogo".

#25 Sista Zamu
Malaria ya kichwani inaacha madhara kweli, kifafa na ugumu wa kujifunza zaidi. Lakini degedege limekuwa gunia, kila kitu tunatupia humo. Kwetu Kyela na huko bonde lote nani hakuwahi kupata degedege au ndugu yake?

#26 Mwl. Mafinga
Nilikuwa nasoma kimya. Naomba niseme langu.

Nilikuwa na binti kidato cha tatu, sitataja shule. Binti mtaratibu, mwandiko mzuri wa kulalia kulia. Muhula wa pili mwandiko ukabadilika, ukawa mdogo mpaka anaandika mistari miwili kwenye mstari mmoja. Nikamwambia unabana daftari, baba yako maskini? Siku moja asubuhi mstarini mkuu wa shule anatangaza msiba wa mwalimu mwenzetu, shule nzima kimya, yule binti akacheka. Siyo kicheko cha utundu. Kicheko cha mtu aliyesikia kitu kingine. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikamtoa mbele nikamchapa fimbo tatu, na walimu wenzangu wakasema nimefanya vema.

Mwaka uliofuata hakurudi. Nilikuja kusikia yuko nyumbani Mufindi, anaongea peke yake. Leo mkanda wangu mimi ndio ule. Sihitaji sidii.

#27 Kaka wa Kihesa
Mwalimu, pole. Nimeisoma mara mbili.

#28 Kipanya wa Soweto
Mwalimu hapo hata mimi ningechapa. Tungejuaje?

#29 Mwl. Mafinga
Ndiyo swali la uzi wote, kijana.

#30 Mama Wawili
Kwani skizofrenia si ile ya kuwa na nafsi mbili? Leo mpole, kesho mwingine? Maana mume wangu mwisho wa mwezi...

#31 Takwimu
Hapana dada. Jina alilitoa Eugen Bleuler wa Uswisi mwaka 1908, kwa Kigiriki maana yake akili iliyopasuka, ndiyo maana watu wanafikiri ni watu wawili. Alimaanisha mawazo, hisia na matendo havishikani tena. Mumeo wa mwisho wa mwezi ana ugonjwa mwingine, unaitwa mshahara.

#32 Sauti Nne
Mimi nitaongea kama mwenye ugonjwa, maana mnatuzungumza kama marehemu.

Niko Njombe, nina miaka 34, natumia dawa tangu 2013. Mleta mada anasema dogo "hacheki". Nitawaambia kulivyo kwa ndani. Mwaka mmoja kabla sijaanza kusikia watu, sura yangu ilianza kuchelewa. Jambo linachekesha, nalijua linachekesha, nalisikia tumboni kabisa, lakini uso hauji. Kama tochi yenye betri za kufa. Kwenye msiba wa babu nilitafuta machozi kwa bidii, mama akaniambia nina roho ngumu. Usiku wake nilikaa nyuma ya banda la ng'ombe mpaka alfajiri, hakuna aliyeniona, na huko nililia. Ndiyo sababu watu wanaosema "hakuwa na hisia" wananichosha.

Sauti zilikuja baadaye. Kwangu ni nne, moja ya kike, inajua hesabu.

#33 Mwaka wa Tatu
@Sauti Nne unachosema kimepimwa. Ann Kring na wenzake walionyesha wagonjwa filamu za kuchekesha na za kuhuzunisha. Nyuso zao zilibadilika kidogo kuliko za wengine, lakini walipoulizwa wanajisikiaje, hisia zilikuwa kali kama za wengine. Uso ndio uliobaki nyuma.

#34 Sauti Nne
Walikuwa na haja ya kupima?

#35 Mkangafu
Huyu nampenda.

#36 Dereva wa Tunduma
Swali la mjinga. Kama dalili zinaonekana mapema, kwa nini wasiwakamate vijana wote wenye dalili wawape dawa kabla? Tunafanya chanjo ya polio, kwa nini si hii?

#37 Takwimu
Siyo la mjinga. Marekani na Kanada vituo vinane viliungana, na Emory ya huyo Walker kimojawapo, kuwafuatilia vijana walioonekana wako ukingoni kabisa: wanasikia minong'ono, wanashuku watu, wameshuka darasani. Matokeo yaliyotoka 2008, ndani ya miaka miwili na nusu asilimia 35 waliugua kamili. Ukingoni kabisa, wamepimwa na wataalamu, na bado wengi wao muda ule ulipita hawajaugua. Ukiwapa dawa wote, hao wengine umewakakamaza shingo kwa sababu gani? Na mtoto aliyenuna kwenye kipaimara hata ukingoni hajafika.

#38 Mzee wa Uyole
Kwa hiyo Wazungu na mashine zao zote nao wanasema "nadhani".

#39 Dereva wa Tunduma
Lori jingine hilo 😂

#40 Takwimu
Mzee, "nadhani" yao ina asilimia.

#41 Sista Zamu
Kuna kitu hakijaguswa na ndicho kinachonirudishia wagonjwa wodini. Nyumba. Zamani London kuna mtu anaitwa George Brown aliwafuatilia waliotoka hospitali, akakuta waliorudi kwenye nyumba za lawama na kufuatwafuatwa walirudi wodini haraka zaidi. Hapa kwetu pia pamefanyika kazi, inaitwa KUPAA, Kuwezeshana Kupata Uzima, Muhimbili na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, mgonjwa anakaa pamoja na ndugu yake anayemhudumia wanafundishwa ugonjwa wote wawili. Nimeona mama mmoja baada ya mambo kama hayo anamuuliza mwanawe, "Leo wanasema nini?" badala ya "Nyamaza, hakuna mtu." Kijana alishangaa kama kapewa shamba.

Mama yako kaka, anautazama mkanda ule dogo akiwa wapi?

#42 Kaka wa Kihesa
Yupo sebuleni.

#43 Sista Zamu
Basi.

#44 Mchele wa Kyela
Sista umenifunga mdomo na mimi sikuwa naongea.

#45 Kipanya wa Soweto
Mimi bado nipo kwenye bangi. Lakini nina wazo. Si watazamaji wa huyo mama wa Atlanta hawakujua jibu? Mleta mada chukua mkanda, mtafute mtu asiyewajua kabisa, muonyeshe watoto wote, muulize yupi ana shida. Tuone.

#46 Mwaka wa Tatu
Mtu mmoja siyo utafiti.

#47 Kipanya wa Soweto
Na uzi nao siyo hospitali. Fanya mkuu.

#48 Kaka wa Kihesa
Siku tatu baadaye. Nimefanya.

Sidii ninayo, nilinakili kabla sijaondoka. Nimemwita mpangaji mwenzangu hapa Mafiati, anauza vipuri vya bajaji, Iringa anaijua kwa dirisha la basi tu. Nikamwekea dakika kumi za keki na kutuza. Watoto ni sita pale mbele: dogo, mimi, dada zetu wawili na binamu wawili. Nikamwambia mmoja wao alikuja kuugua akili, chagua.

Akatazama mpaka mwisho. Akaomba nirudishe. Halafu akaweka kidole kwenye kioo: "Huyu. Huyu anayelia pembeni ya keki, halafu anajifuta na pazia."

Ni mimi.

#49 Ngoja Waje
Nimesimama kwenye siti.

#50 Mkangafu
😂😂 Samahani mkuu, samahani, siyo la kucheka. Lakini ulikuwa unalia nini?

#51 Kaka wa Kihesa
Nilikuwa na miaka 16, nilinyimwa kipande cha kona chenye sukari nyingi. Nakumbuka mpaka leo.

#52 Takwimu
Kubahatisha kati ya sita ni asilimia kama 17. Amekosa, haithibitishi chochote upande wowote. Na ulimpa mkanda wa mtoto mkubwa, si wa utotoni.

#53 Mzee wa Uyole
Mimi sijashawishika. Jambo la ukoo mpangaji wa Mafiati ataliona wapi? Yule babu wa Kilolo ndiye wa kuulizwa.

#54 Mwaka wa Tatu
Mzee, hapo hata sayansi iko nyuma yako kwa nusu. Pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake anaugua kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 50 katika tafiti za zamani. Ukoo upo. Lakini jeni ni zilezile kwa wote wawili na nusu ya pacha hawaugui, kwa hiyo kuna kingine.

#55 Mzee wa Uyole
Hicho kingine ndicho sisi tuna jina lake.

#56 Sauti Nne
@Kaka wa Kihesa umemuonyesha muuza vipuri. Mwenye kipaimara umemuuliza?

#57 Kaka wa Kihesa
Hapana.

#58 Kaka wa Kihesa
Nimempigia jana jioni. Saa za jioni huwa anaongea vizuri, asubuhi dawa zinamlemea. Nikamuuliza, dogo, kwenye kipaimara chako pale kwenye keki, kwa nini hukucheka?

Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaangalia kama simu imekatika. Akasema: "Viatu vilikuwa vyako. Namba yako ya zamani. Cha kushoto kilikuwa na msumari."

#59 Mkangafu
NILISEMA VIATU. Posti ya tatu. Rudini mkaangalie.

#60 Takwimu
Kumbukumbu ya miaka 17 nayo si ushahidi. Anaweza kuwa ametafuta sababu baadaye kama mama anavyotafuta.

#61 Mwl. Mafinga
Anaweza. Na msumari unaweza kuwa ulikuwepo. Na ugonjwa pia unaweza kuwa ulikuwepo, vyote katika mguu mmoja.

#62 Kaka wa Kihesa
Viatu vile navikumbuka, vilikuwa vyangu kweli. Msumari siukumbuki, lakini nilikuwa naweka kipande cha boksi ndani, kwa hiyo kuna sababu nilikuwa naweka.

Halafu akaniambia kitu kingine. Kwamba mwaka ule hakuna kilichokuwa kimeanza. Kilianza kidato cha nne, kwenye mahafali, siku watu wote walimwona yuko sawa, na hata mpiga picha alimsifia anavyocheka. Mkanda wa mahafali hatuna.

#63 Sista Zamu
Huyo kijana mwenzenu anajua historia ya ugonjwa wake kuliko faili lake. Mwandikieni kwenye karatasi, apeleke siku ya kliniki.

#64 Kaka wa Kihesa
Sindano yake ni Jumanne, nitaenda Iringa nimpeleke mwenyewe. Nimewasikia wote. Ndaga fijo kwa wa Tukuyu na Kyela, wanyalukolo mnanijua.

#65 Makete Baridi
Na mama je? Bado anatazama?

#66 Kaka wa Kihesa
Ule ameuacha, tangu dogo alipomwambia habari za viatu. Jana usiku kanitumia ujumbe. Anaomba nimtumie video ya mwanangu ya kumaliza chekechea, ile ya Novemba, anasema anataka tu kuona alivyovaa joho.

Sijamtumia.